Mkwe Varandani, Kompyuta Chumbani

Ukifika Khayega siku ya soko na kuuliza nyumbani kwa Zilpah, utaulizwa kwanza: Zilpah yupi, wa mandazi au wa kwaya? Ukisema wa kwaya, yule uliyemuuliza ataacha alichokuwa akifanya na kukupeleka mwenyewe hadi kwenye ua wa michongoma, akikusimulia njiani jinsi mama yake, au shangazi yake, au yeye mwenyewe, alivyofundishwa na Zilpah kupanua kinywa na kuimba kama mtu aliyeshiba.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa shule. Walimu wakuu walikuja, wakahamishwa, wakaja wengine, na barua za wote zilipita chini ya vidole vyake. Wakati wa kustaafu ulipofika, kamati ya shule ilimwita ikamuuliza angependa kuagwa kwa zawadi gani. Wenzake waliomtangulia walichukua mablanketi, na sufuria ambazo mtoto angeweza kuoga ndani. Zilpah alinyoosha kidole upande wa ofisi yake.

"Ile," akasema.

Ilikuwa kompyuta aliyoizoea, ya mezani, yenye skrini yake na lile kasha jeusi la kusimama ambalo watu huliita sipiyu. Wanakamati walitazamana. Mashine za ofisi zilikuwa karibu kubadilishwa hata hivyo. Wakampa, wakamwombea, wakanywa soda.

Aliiweka chumbani mwake mwa kulala. Sebuleni hapakufaa, kwa kuwa sebule ya Zilpah haikosi mtu wa kwaya aliyeshika kikombe cha chai na hajui atakiweka wapi. Tena nyimbo humjia alfajiri, kabla hata ya kuvaa viatu, na alitaka mashine iwe mahali ambapo angeifikia kwa hatua chache.

Baadaye mkono wake wa kulia ukashikwa na ugonjwa wa neva. Kalamu ikawa inaruka vidoleni mwake kama panzi. Watu walimhurumia kwa sababu hiyo, lakini yeye hakujihurumia sana. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kizima, na kibodi haijali umeibonyeza kwa mkono gani. Hivyo kompyuta ikawa ndiyo kalamu yake. Nyimbo zote za kwaya, maneno juu na noti zake za do-re-mi chini, sauti zote nne hadi besi, aliziandika kwa kile kidole kimoja, taratibu, kama kuku anayedonoa mtama.

Sasa, mwaka huu Zilpah alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Miaka yote alifundisha nyimbo za watu wengine. Mwaka huu alitunga wake. Ulikuwa wimbo wa Jumapili ya Mavuno, wa beti tatu, na kwaya ilikuwa imeshika beti mbili za kwanza hata watoto wakaanza kuziimba wakichota maji. Ubeti wa tatu ndio uliokuwa na utamu wenyewe, maana hapo wanawake wanauliza na besi inawajibu kutoka chini. Huo alikuwa bado anautengeneza ndani ya mashine. Hakuwa ameuandika popote pengine, na asingeweza kuuandika hata angetaka.

Hapo ndipo kompyuta ilipoanza kuganda.

Ilianza hivi. Unaandika vizuri tu, halafu kile kimshale cha mausi kinasimama. Unabonyeza, hakuna. Skrini inakutazama kama mtu aliyelala macho wazi. Ukiizima kwa kukandamiza kitufe na kuiwasha tena, inaanza, inajizungusha, inajizungusha, kisha inakufa kabla ya kufika. Ukiiacha hadi kesho yake asubuhi inaamka nzima kabisa, unaanza kushukuru, na kabla chai haijapoa imeganda tena.

Zilpah alimwita Chrispinus, fundi kijana wa mjini Kakamega, naye akaja na pikipiki akaibeba ile sipiyu kwenye gunia safi. Ilikaa dukani kwake. Akaiacha ikiwaka kutwa nzima, akacheza muziki juu yake, akatazama mpira. Haikuganda hata kidogo. Akairudisha.

"Mama, hii mashine haina shida."

Alipoondoka tu, jioni ile ile, ikaganda.

Ikaenda tena kwa Chrispinus, ikawa nzima tena. Ikarudi, ikaugua tena. Rosebella, ambaye ni jirani na ndiye soprano wa kutegemewa, alikuja kuitazama akiwa amefunga mikono kifuani.

"Mwalimu, hii kitu imezoea mjini," akasema. "Kule kuna muziki, kuna watu wanapita. Hapa unaiamsha na nyimbo za toba."

"Acha mchezo, Rosebella."

"Basi ni radi. Wewe unajua radi ya huku haina heshima. Unaifunikanga lakini?"

"Naifunikanga kila siku. Mimi si mtoto."

Na kweli aliifunika. Kakamega mvua ya alasiri huja na radi zake, na katika nyumba nyingi za huko wingu likitanda watu hufunika vioo na kila kinachong'aa. Zilpah hakuwa mtu wa kuacha mashine yake uchi.

Jumamosi moja, Jumapili ya Mavuno ikiwa imebakiza wiki moja tu, binti yake Mitchel alikuja kumtembelea pamoja na mumewe. Mchana huo kwaya ilikuwa inakuja kwa mazoezi, na Zilpah alikuwa ameshamwambia mchungaji kwamba kama ubeti wa tatu hautatoka kwenye mashine leo, wataimba ule wimbo wa mwaka jana. Alimwambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema sukari imeisha. Lakini Mitchel alipomkuta amekaa kitandani mbele ya skrini nyeusi, mikono mapajani, alijua mara moja kwamba mama yake hajala.

"Mama, si uniambie? Baba Cindy anatengenezanga hizi kila siku."

"Nitamwambiaje mukhwasi, mkwe wangu, mambo ya chumba changu?"

Baba Cindy huyo anaitwa Kibiwott. Ni Mnandi wa upande wa Kapsabet, na kazi yake ni kutunza kompyuta za chuo kimoja Eldoret. Kwa hiyo dawa ilikuwa imekaa pale pale varandani kwa Zilpah, kwenye kiti cha mbao, ikitazama kuku. Tatizo ni kwamba isingeweza kuingia ndani.

Kwa Waisukha, watu wa Zilpah, mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawashikani mikono. Hali mmoja mbele ya macho ya mwenzake. Na chumba anacholala mama, mguu wa mkwe haukanyagi humo hata kikiwa kitupu, hata kikishika moto, kama alivyosema mjomba mmoja siku ya mahari, ingawa wengine walimwambia hapo kwenye moto amezidisha. Kibiwott aliyasikiliza masharti hayo akiitikia kwa kichwa, na tangu siku hiyo akayashika kuliko vijana wa Isukha wenyewe. Akija, mwisho wake ni varanda. Chakula humfuata huko huko. Zilpah akipita uani, yeye hugeuka kutazama mlima hata kama hakuna mlima.

Mitchel alitoka akamweleza mumewe mambo yote, ya Chrispinus, ya gunia na ya radi. Kibiwott akafikiri.

"Tukuletee hapa nje?" Mitchel akamuuliza.

"Hapana. Usiitoe. Huyo fundi ameitoa mara ngapi, na kila mara ikitoka inapona. Ugonjwa wake uko humo chumbani. Tukiileta hapa itatudanganya na sisi."

"Na kuingia huwezi."

"Kuingia siwezi. Muulize mama ikiganda inafanya nini kwanza."

Mitchel akaingia akauliza, akatoka na jibu. Akaingia na swali lingine. Akatoka. Kuku alikuwa jikoni anachemka, ingokho wa kumpikia mkwe, na kila safari ya Mitchel mlangoni ilimpitisha karibu na harufu ya sufuria inayotaka kukauka. Mwishowe alisimama katikati ya sebule, kati ya mama na mume, akaweka mikono kiunoni.

"Mimi nimekuwa mbao za daraja. Nyinyi wawili si mna simu? Wazee walikataza kushikana mikono. Simu hawakuikataza."

Zilpah alifikiri juu ya jambo hilo kwa haki. Ni kweli, hakumkumbuka mjomba yeyote aliyetaja simu. Kisha simu yake ikalia kitandani. Akaitazama, akaichukua kwa mkono wa kushoto.

"Halo, mama," ikasema sauti ya Kibiwott sikioni, na sauti ile ile ikasema "Halo, mama" kupitia dirishani, kwa sababu hawakuwa mbali kuliko urefu wa kitanda.

"Halo, Baba Cindy. Mko salama huko?" akajibu Zilpah, kama vile anapigiwa kutoka Eldoret.

"Huku tuko salama. Mvua inaonekana itanyesha."

"Hata huku."

Mitchel akarudi jikoni akiwa ameziba mdomo kwa kanga.

Kibiwott akaanza kazi. Alikuwa na subira ya watu wanaofundisha wengine kila siku, na hakuacha hata hatua moja. Alimwambia mama achomoe kila kitu kilichochomekwa kwenye sipiyu kwa ajili ya starehe: printa, spika, na ile fleshi ya mahubiri iliyosahaulika huko nyuma. Abaki na skrini, kibodi na mausi peke yake. Zilpah akachomoa kimoja kimoja akikitaja jina, kama anayeita watoto darasani.

"Sasa washa."

Ikawaka. Ikajizungusha, ikaleta maandishi meupe kwenye giza, yakiuliza iwake kawaida au ijitengeneze.

"Inauliza swali," akasema Zilpah.

"Inauliza kwa sababu imezimwa kwa nguvu mara nyingi. Imeshtuka. Chagua iwake kawaida."

Akachagua. Ikafika. Picha ya kwaya ikajaa skrini, Rosebella mbele kabisa akiwa amefumba macho. Zilpah akafungua faili la wimbo, akauona ubeti wa tatu kwa mbali, akashusha pumzi, akasogeza mausi. Kimshale kikasimama.

"Imeganda."

"Usiizime. Iache hivyo hivyo. Mama, weka simu karibu na sipiyu, nisikie inavyosema."

Zilpah akainama, akaiweka simu pale. Akasubiri. Alijisikia kama mama aliyemshika mtoto mbele ya daktari, asijue kama daktari anakisikia kikohozi au la.

"Mama, inalia hivyo kila siku?"

"Hiyo sauti? Hiyo ni ya kawaida. Tangu Disemba inafanyanga hivyo."

"Inanguruma kama kinu cha posho. Kabla ya Disemba?"

"Kabla ya Disemba ilikuwa kimya. Nilidhani imezeeka, watu wakizeeka si wanakoroma?"

"Ndani mwake kuna feni, mama. Inajipoza nayo. Ikinguruma hivyo, inasema ina joto haipati hewa. Ndiyo maana asubuhi inaamka nzima, imelala ikapoa. Sasa nifanyie kitu kimoja. Peleka kiganja nyuma yake, pale hewa inapotokea. Uniambie ni moto kiasi gani."

Zilpah akapeleka mkono.

"Sihisi hewa."

"Hata kidogo?"

"Nahisi joto tu. Na uzi."

"Uzi gani, mama?"

Zilpah akaurudisha mkono mapajani. Varandani kiti kikalia, mtu amekaa wima.

Ngoja sasa tusimame kidogo, maana mambo haya yanahitaji adabu. Disemba iliyopita, mama yake Kibiwott, anayeitwa Cherop, alikuja na ndugu zake kutoka Kapsabet kutembelea wakwe. Alileta mfuko. Ndani ya mfuko kulikuwa na kitambaa kikubwa alichokifuma kwa mkono wake mwenyewe, uzi mzito wa sufu, rangi ya majani mabichi, chenye mashada pembeni. Zilpah alipokifungua baada ya wageni kuondoka alikaa nacho mapajani kwa muda mrefu. Kitu kama hicho huwezi kukitandika kwenye kochi watu wa kwaya wakikalie. Huwezi kukiweka mezani kimwagiwe chai. Aliizunguka nyumba yake kwa macho, akitafuta kitu chenye heshima ya kutosha kuvalishwa zawadi ya wakwe, na macho yake yakafika kwenye kompyuta. Akaivika. Kilizunguka sipiyu yote, nyuma na pande zote, mpaka chini, akaacha upenyo mdogo mbele wa kufikia kitufe. Na radi zilipoanza akaona amefanya jambo la busara mara mbili. Kila Chrispinus alipokuja kuichukua, alikivua, akakikunja na kukiweka sandukuni, maana zawadi ya wakwe haitembezwi kwenye pikipiki. Kila iliporudi, akaivika tena.

Hakuwahi kumwambia fundi. Angemwambia nini? Mtu akienda hospitali hamwelezi daktari juu ya kofia yake.

"Mama?" ikasema simu, na dirisha likasema "Mama?"

"Kuna kitambaa kidogo," akasema Zilpah.

"Kitambaa gani?"

"Cha kufuma. Cha... kilitoka kwenu."

Kibiwott alikikumbuka. Alimwona mama yake akikifuma msimu mzima, hata akiwa na matatizo ya macho. Angewezaje kumwambia mama mkwe, tena kwa simu, avue zawadi ya mama yake na kuiweka kando? Na Zilpah naye alikaa akijiuliza angewezaje kuivua, mwana wa mfumaji akisikia.

Mitchel, aliyekuwa ameleta maji ya kunawa varandani, alimtazama mumewe, akatazama dirishani, akaelewa.

"Ni kile cha kijani, sivyo?" akasema. "Mama ameivalisha kompyuta kile cha kijani."

"Usimwambie mama yangu," akasema Kibiwott kwa sauti ya chini.

Lakini Mitchel alikuwa ameshapiga simu. Binti yao Cindy alikuwa Kapsabet kwa bibi yake wakati wa likizo, na Mitchel humpigia kila Jumamosi, kwa hiyo haikuwa ajabu. Aliongea na mtoto kidogo, akamwomba bibi, akaingia chumbani na kuiweka simu yake kitandani ikiwa na sauti kubwa.

"Mama Mitchel," ikasema sauti ya Cherop, pana na ya furaha, "hamjambo huko? Mavuno?"

"Mavuno si mabaya, Mama Kibiwott. Mahindi yamesimama."

"Huyu mtoto wangu ananiambia kuna maneno ya kitambaa."

Zilpah akaeleza taratibu, akianza mbali: akasifu ufumaji, akasifu rangi, akasema jinsi kitu hicho kilivyokuwa kizuri hata hakukuwa na mahali pa kukiweka, akafika kwenye kompyuta, akafika kwenye feni.

"Mama Mitchel, umeifunika mashine nacho?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni shali."

"Shali?"

"Shali ya mabega. Siku ya mahari nilikuona umekaa na kigauni chepesi, mvua inapiga, unatetemeka kwa adabu na hutaki kuingia ndani wageni wakiwa nje. Nikasema, huyu mama lazima nimfumie kitu cha baridi. Mimi nafuma nikifikiri mabega yako, wewe unapeleka kwa sipiyu."

"Mbona hukuniambia siku ulipoileta?"

"Ningekuambia saa ngapi? Shangazi zenu walininyang'anya mfuko mlangoni, wakaanza vigelegele, nikajikuta nimeshakalishwa na sahani mkononi."

Varandani Kibiwott alishikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Zilpah alikisikia, na badala ya kuona haya akajikuta anacheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akalazimika kujifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Niliona ni nzuri mno kwa mwili wangu," akasema.

"Mwili wako ndio nilioupima kwa macho. Mashine sikuipima. Ivue, mama, iachie ipumue. Na hii baridi ya jioni ujifunike wewe."

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Zilpah akaizima, akachomoa waya wa stima, akakivua kile kitambaa, akajiwekea mabegani kwa sababu mikono ilikuwa imejaa na hakukuwa na mahali pengine. Kibiwott akamwelekeza Mitchel jinsi ya kufungua ubavu wa sipiyu, skrubu za nyuma kwanza, na kabla ya kugusa chochote ndani ashike kwanza chuma cha kasha, umeme wa mwilini umtoke. Mama akamulika tochi.

"Mnaona nini?"

"Kuna kondoo humu," akasema Mitchel.

Nyuzi za kijani zilikuwa zimevutwa na feni mpaka zikafanya kitu kama kiota cha ndege, zikiwa zimechanganyika na vumbi la miaka ya ofisini. Kibiwott akawaambia watafute brashi ya rangi ambayo haijachovywa rangi. Ilikuwapo moja, mpya, Zilpah aliinunua kwa ajili ya mlango ambao hajaupaka mpaka leo. Mitchel akaishika feni kwa kidole isizunguke, akasugua taratibu, akatoa pamba pamba, akapuliza. Zilpah akasogeza tochi kila anapoambiwa. Kuku akaungua kidogo chini, hakuna aliyelalamika.

Walipoirudishia ubavu wake na kuiwasha, ilikaa kimya hivi kwamba Zilpah akadhani haijawaka. Ikauliza lile swali lake tena, akalijibu bila kuambiwa. Ikafika. Rosebella akatokea amefumba macho. Wakasubiri. Zilpah akasogeza mausi huku na huku kama mtu anayemjaribu ndama miguu. Ilitembea.

"Kabla ya kitu kingine chochote," akasema Kibiwott simuni, "chomeka fleshi, uuweke wimbo huko. Halafu Mitchel ajitumie huo wimbo kwenye simu yake. Usikae tena na wimbo mahali pamoja."

Akafanya hivyo. Ndipo akaufungua na kuusoma kutoka juu. Ubeti wa kwanza, wa pili. Wa tatu: soprano alikuwapo, alto, tenor. Akashuka kwenye besi. Mstari wa kwanza ulikuwapo, na baada ya hapo pakawa peupe. Majibu yote ya besi, yale aliyoyafanyia kazi siku mashine ilipoganda vibaya zaidi, hayakuwapo. Hayakuwahi kuhifadhiwa.

Mitchel akaona mabega ya mama yake chini ya shali yakishuka.

"Mama, hukumbuki?"

"Sauti za wanawake nazikumbuka. Besi niliitafuta kwa kidole, nikiijaribu noti moja moja. Sauti yangu haifiki huko chini. Nikiiimba inageuka kitu kingine."

Saa ya mazoezi ilikuwa imekaribia. Kwa mbali, kwenye njia ya ua, zilisikika sauti za wanawake wakija, wakizozana juu ya nani aliyechelewa.

Simu ya Zilpah ilikuwa bado imewashwa kitandani, wameisahau. Kibiwott akakohoa.

"Mama, wanawake wanasema nini hapo?"

Zilpah akamwimbia. Hakuimba kwa simu. Aligeukia dirishani akaimba swali la wanawake, kwa ile sauti yake ambayo haijazeeka pamoja naye: nani aliyetuletea mvua hii, nani? Kisha akanyamaza mahali ambapo besi inapaswa kujibu.

Kutoka kwenye kile kiti cha mbao, ikatoka sauti nzito ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia, maana Kibiwott huongea kidogo na kwa adabu. Ilishuka ngazi kwa ngazi ikakaa chini kabisa, na vioo vya dirisha vikaitikia.

"Si hivyo," akasema Zilpah, na alisema kama mwalimu, akisahau kabisa kwamba ni mkwe. "Usikimbilie chini. Kaa kwenye *so* kwanza, watu wakusubiri, ndipo ushuke."

Akarudia swali. Besi ikakaa, ikasubiriwa, ikashuka.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo. Rudia."

Akarudia, naye akaanza kudonoa kibodi kwa kidole chake cha kushoto. Jibu la kwanza likaingia. Likaja la pili. La tatu Kibiwott alilipeleka mahali ambapo yeye hakuwa amefikiria, upande wa kwao Nandi labda, na Zilpah alisimamisha kidole hewani, akasikiliza, akaamua ni zuri kuliko lile lililopotea. Akaliandika. Akahifadhi. Akaandika, akahifadhi tena.

Rosebella aliingia sebuleni na wenzake nyuma yake, akasimama kwenye mlango wa chumba, akamtazama Zilpah aliyejifunika shali ya kijani, akageuka kutazama dirishani sauti inakotoka.

"Mwalimu, huyu besi mmemtoa wapi? Sisi tuna wazee wanaokoroma tu."

"Ni mukhwasi," akasema Zilpah bila kuinua macho kutoka kwenye skrini. "Msitoke kwenda kumwangalia. Simameni hapo hapo sebuleni, mgeukie ukuta huu wa varandani. Rosebella, chukua soprano ya ubeti wa tatu."

Wakajipanga, wakaugeukia ukuta.